Namna ya kupanga utetezi wa watu maskini walioshtakiwa, hata kama mtaa wenu hauna loya

Hapa Busia, upande wa Uganda, kuna kijana wa mkokoteni alikaa rimandi miezi saba sababu ya gunia moja la mahindi. Mwenye mzigo alisema magunia yalitoka kumi na mawili yakafika kumi na moja, polisi wakambeba yule aliyekuwa anasukuma. Mama yake anauza mukene, wale dagaa wadogo, soko la mpakani, hajui kusoma, hakujua hata korti iko upande gani, na siku hakimu alipouliza "una wadhamini?" kijana akageuka nyuma akaangalia viti vyote na hakukuwa na mtu wake hata mmoja. Hakimu hakumnyima dhamana, walikosekana watu wawili tu wa kusimama. Miezi saba baadaye mlalamikaji akawa haji tena, kesi ikafutwa, kijana akatoka na kikohozi na mkokoteni ulishauzwa kulipa deni la nyumba.

Mimi nilikuwa jirani yao, nyumba ya tatu. Kitambulisho ninacho, barua ya LC1, yaani ya mwenyekiti wa mtaa, ningeipata asubuhi moja. Hakuna aliyeniambia na mimi sikuuliza, na hiyo imenikaa moyoni mpaka leo. Tangu hapo tumejipanga watu wachache hapa mtaani na hii ninayoandika ni yale tumejifunza, kwa yeyote yuko Malaba, Arua, Bwera, Kisenyi au popote Uganda na anataka kuanza kitu kama hicho.

Kwanza mjue serikali inamlipia nani loya

Katiba ya 1995, kifungu cha 28, inasema mtu akishtakiwa kosa lenye adhabu ya kifo au kifungo cha maisha ana haki ya loya anayelipwa na serikali. Hiyo ndo watu wanaita steti brifu. Mauaji, wizi wa kutumia silaha, ubakaji, kunajisi mtoto, hizo zimo. Lakini kijana wa gunia la mahindi hayumo. Waliopigana baa hawamo, dada wa kazi anayesemekana aliiba simu ya tajiri wake hayumo, na hao ndo wanajaa benchi za mahakimu kila wiki. Kwao katiba inasema tu wanaruhusiwa kujitetea wenyewe au kuweka loya kwa pesa yao, na mtu anayekula akipata kibarua cha leo hiyo pesa ataitoa wapi?

Hilo pengo ndo kazi yenu. Na ukiliangalia vizuri utaona sehemu kubwa yake haihitaji digrii ya sheria, inahitaji mtu wa kufika kituoni mapema, mtu wa kukumbuka tarehe, mtu wa kusimama mdhamini, mtu wa kumtafuta shahidi kabla hajahama. Loya akija akakuta hayo yameshafanyika anaweza kumaliza kesi kwa siku chache, akikuta hakuna kitu anaanza kuomba tarehe nyingine tu.

Watu wa kikundi

Anzeni na watu sita mpaka kumi. Msichague wanaojua kuongea sana, chagueni wanaopokea simu usiku. Sisi tuna mwendesha boda mmoja anayejulikana kila stendi, mama mmoja wa soko, mwalimu mstaafu anayeandika vizuri, mmoja wa msikitini, mmoja wa kanisani, na kijana mwenye duka la kopi na kuchapa. Huyo wa kopi ametusaidia kuliko mtu yeyote, sababu kesi ya maskini inakwama mara nyingi kwa kukosa kopi ya kitambulisho. Angalieni pia lugha. Hapa kwetu kuna Kisamia, Kiteso, Luganda, Kiswahili, na mtu akiwa seli ameogopa anarudi kwa lugha ya mama yake hata kama sokoni anaongea nyingine.

Kuna mtu mmoja msimkubali kabisa, yule anayeshinda nje ya kituo akijifanya anajua kila afande, anachukua pesa za watu ati anawasaidia. Akiingia kwenu mara moja tu jina lenu limekwisha.

Alafu mjue mipaka yenu. Nyinyi si maloya. Hamwezi kusimama mbele ya hakimu kumsemea mtu na hamwezi kumchaji mtu kwa ushauri. Shirika likitaka kutoa msaada wa kisheria rasmi lazima lisajiliwe na kukaguliwa na Law Council, baraza linalosimamia maloya, kanuni zake ni za 2007. Njia nyepesi kwa kikundi cha mtaa ni kufanya kazi chini ya shirika ambalo tayari limeruhusiwa, wao wanawapa mafunzo ya usaidizi wa kisheria na kitambulisho cha kuvaa shingoni, nyinyi mnawaletea kesi zikiwa zimepangika.

Na kuna hili, nawaomba mlisome mara mbili. Anayoongea mtu na loya wake yanalindwa na sheria, na ya karani au mkalimani wa loya pia yanalindwa. Ya kwako wewe jirani hayalindwi. Unaweza kuitwa shahidi, daftari lako linaweza kuchukuliwa. Kwa hivyo usimuulize mtu "ulifanya au hukufanya?", hata kama roho yako inataka sana kujua, na akianza kukusimulia mwenyewe mkatize pole pole umwambie hayo amwekee loya. Wewe muulize jina kamili, alishikwa lini saa ngapi na wapi, ameumia wapi, ana dawa anakunywa, nani ajulishwe nyumbani, nani anaweza kumdhamini, nani alikuwa naye siku hiyo. Basi.

Daftari

Nunueni kaunta buku moja, lile la jalada gumu, na liwe na mtu mmoja wa kulitunza. Letu anatunza mwalimu. Kila mtu ana ukurasa wake: jina, umri, siku na saa ya kushikwa, kituo, namba ya faili ya polisi, kosa, siku aliyofikishwa korti, namba ya kesi, korti gani, tarehe inayofuata, wadhamini na simu zao, na chini kabisa jina la mmoja wetu anayeifuata hiyo kesi. Namba ya polisi, ile inaanza na CRB, si sawa na namba ya kesi ya korti, mziandike zote mbili, maana ukienda kwa karani wa korti na namba ya CRB peke yake atakuzungusha asubuhi yote na hata si kosa lake.

Ukurasa ukifunguliwa mwalimu anahesabu siku kwenye kalenda ya ukutani, anaweka tarehe mbili kwa kalamu nyekundu pembeni, ya siku 60 na ya siku 180, nitaeleza mbele. Alafu kila Jumapili jioni tunakaa nusu saa kwa veranda yake tunasoma tarehe za wiki inayokuja, nani anaenda wapi. Hiyo nusu saa ndo uti wa mgongo wa kikundi chote. Wiki tuliyoiruka tulipoteza tarehe mbili na mtu mmoja akatolewa hati ya kukamatwa sababu alikuwa nje kwa dhamana na alisahau siku.

Saa 48 za kwanza

Mtu akishikwa, mmoja wenu afike kituoni siku hiyo hiyo. Ukifika kaunta salimia kwa heshima, "jambo afande, habari ya kazi", jitambulishe kwamba wewe ni jirani au ndugu, na hapa Kiswahili kinasaidia sana maana polisi na jeshi la Uganda wamekitumia tangu zamani. Uliza vitu vinne tu: kosa gani, namba ya faili, afande gani anapeleleza, atapelekwa korti lini. Andika mbele yao bila kuficha. Kuandika kwenyewe kunabadilisha mambo, nimeona kwa macho yangu.

Kifungu cha 23 cha katiba kiko upande wenu. Mtu aambiwe sababu ya kushikwa kwa lugha anayoielewa, ndugu zake wajulishwe akiomba, aonane na ndugu, loya na daktari, na afikishwe korti haraka iwezekanavyo, isizidi saa 48 tangu aliposhikwa. Watu wetu wanashikwa sana Ijumaa jioni na wanaambiwa "mpaka wiki ijayo, wikendi haihesabiki". Katiba haikuweka wikendi pembeni. Inahesabika. Kama saa zimepita usianze kelele kwa kaunta, muombe OC, yaani mkuu wa kituo, akikataa nenda kwa DPC, mkuu wa polisi wa wilaya, na tume ya haki za binadamu, Uganda Human Rights Commission, inapokea malalamiko ya namna hiyo bure. Kuna pia sheria ya 2019 ya kutekeleza haki za binadamu ambayo inamfanya afisa mwenyewe awajibike binafsi akivunja haki ya mtu, na maafisa wengi wanaijua, hauhitaji kuitaja kwa kutisha, unauliza tu kwa upole "afande, saa zake zimefika ngapi?"

Ndani ya hizo saa kuna mambo mawili yanaharibu kesi. La kwanza ni kukiri. Mtu amepigwa na watu kabla polisi hawajafika, amelala chini, ana njaa, anaambiwa saini hapa utoke, anasaini. Sheria ya ushahidi inasema kukiri kwa polisi hakukubaliki kortini kama hakukufanywa mbele ya afisa wa cheo cha Assistant Inspector au juu yake, au mbele ya hakimu. Mwambieni ndugu yenu ana haki ya kunyamaza, na asiweke kidole wala saini kwenye karatasi ambayo hajasomewa kwa lugha yake. La pili ni majeraha. Kama ameumizwa ombeni apimwe na daktari kwa fomu ya polisi namba 24, hiyo ni ya mshukiwa, ile namba 3 ni ya aliyeumizwa na kosa. Fomu 24 inaandika majeraha na pia inaandika umri, ambao kwa vijana ni kila kitu.

Na bondi ya polisi, ile dhamana ya kituoni kabla ya korti, ni bure. Narudia, ni bure, hata kama kuna mtu amekuambia bei. Mama mmoja tunayemjua alitoa laki moja na nusu, aliuza mbuzi wawili, hakupewa karatasi yoyote, mtoto akatoka usiku, wiki iliyofuata akashikwa tena kwa faili ile ile sababu hakukuwa na bondi iliyoandikwa. Bondi ya kweli ina fomu, ina wadhamini wamesaini, ina tarehe ya kuripoti. Ukipewa hiyo fomu piga picha kwa simu kabla haijalowa mvua.

Siku ya korti

Fikeni mapema, saa mbili asubuhi muwe pale, sababu gari la rimandi linafika na majina yanaanza kuitwa na hakuna atakayewasubiri.

Wadhamini wawe wawili au watatu, wanaojulikana, wenye makazi ya kudumu. Kila mmoja abebe kitambulisho cha taifa na kopi, barua ya LC1 yenye muhuri inayosema anakaa hapo, picha ndogo kama anayo, namba ya simu inayopatikana. Mshtakiwa naye anahitaji barua ya LC1 ya kwake kuonyesha hatatoroka, na kama amepanga, mwenye nyumba akija mwenyewe ni vizuri zaidi. Hapa mpakani kuna shida ya kipekee, mtu ndugu zake wote wako ng'ambo upande wa Kenya, na korti haitamtaka mdhamini wa kule, kwa hivyo lazima apatikane mtu wa upande huu, tajiri wake, mwenyekiti wa stendi, mama anayemuuzia chakula. Ndo maana tunasema kikundi kijulikane na watu wote, siku hiyo hautakuwa na muda wa kuanza kujitambulisha.

Fanyeni mazoezi na wadhamini usiku wa kuamkia korti. Hakimu atauliza unamjua vipi huyu, unaishi wapi, unafanya kazi gani, unajua ukimdhamini unatakiwa ufanye nini. Mzee mmoja mwema sana tulimleta, miaka kumi anaishi na kijana ploti moja, hakimu akamuuliza jina la mshtakiwa akasema "Baba Junior". Akakataliwa hapo hapo. Kijana akarudi rimandi wiki mbili kwa jina ambalo kila mtu mtaani anamwita. Sasa sisi tunaandikia kila mdhamini kikaratasi, majina matatu kama yalivyo kwenye hati ya mashtaka, na anakisoma mpaka anakishika.

Dhamana ikitolewa kwa pesa taslimu, pesa inalipwa benki kwa fomu ya korti, hakuna mtu mwenye haki ya kuipokea mkononi. Risiti ile itunzeni kama hati ya ardhi. Kesi ikiisha pesa inarudishwa, na bila risiti nimeona watu wanaacha pesa yao pale pale. Na kama hakimu ametaja kiasi kikubwa ambacho mtu hana, mtu anaruhusiwa kusema kwa heshima, "mheshimiwa, mimi ni kibarua, naomba kupunguziwa". Wengi hawajui kwamba wanaruhusiwa kusema hata neno hilo moja.

Sasa lugha. Kifungu cha 28 kinampa mshtakiwa mkalimani bure kama haelewi lugha ya korti. Ombeni mapema, mwambieni karani asubuhi kwamba huyu anaongea Kiswahili au Kiteso, kabla jina halijaitwa. Shida inakuja kwenye kukubali au kukataa kosa. Mtu anasomewa mashtaka haraka, anasikia neno "simu" na "alichukua", na kweli alichukua simu, aliichukua kama rehani ya deni lake la laki moja, anasema "ndiyo". Imeandikwa amekiri. Tangu kesi ya Adan ya 1973 katika korti ya rufaa ya Afrika Mashariki utaratibu uko wazi: mashtaka yasomwe na kuelezwa kwa lugha anayoelewa, akikubali mwendesha mashtaka aeleze yaliyotokea, na mshtakiwa aulizwe kama hayo maelezo ni ya kweli, akisema kuna kitu si kweli au akatoa sababu yake, hakimu anatakiwa aandike amekataa. Kwa hivyo mfundisheni mtu wenu neno moja, "naomba kueleza". Asikimbilie ndiyo au hapana.

Kama ni kosa la High Court, kama mauaji, hakimu wa chini atasoma tu na kumwambia mtu asijibu chochote, na hana uwezo wa kutoa dhamana. Familia inatoka pale inalia ati hakimu amekataa, hapana, dhamana ya makosa hayo inaombwa High Court na kule kuna mambo yanaangaliwa, ugonjwa mkubwa uliothibitishwa na daktari wa jela, uzee, utoto, au DPP, mkuu wa mashtaka wa serikali, kutokuwa na pingamizi. Hapo lazima mpate loya.

Rimandi

Watembeleeni. Hii sehemu vikundi vingi vinaacha, sababu nauli ni pesa na jela iko mbali, lakini mtu asiyetembelewa anapotea kwenye makaratasi. Sisi tunaenda mara moja kwa mwezi watu wawili, tunauliza ofisi ya jela kwa utaratibu wao, tunapeleka sabuni na taarifa za nyumbani, alafu tunauliza kila mtu wetu tarehe yake ya mwisho korti na aliambiwa nini. Kila mara kuna mmoja ambaye karatasi yake inasema tarehe iliyopita na hakupelekwa.

Zile tarehe nyekundu za mwalimu sasa. Kifungu cha 23(6): kwa kosa ambalo linaweza kusikilizwa na High Court na pia na korti ya chini, mtu akikaa rimandi siku 60 kabla kesi yake kuanza kusikilizwa, korti lazima imwachie kwa dhamana kwa masharti inayoona yanafaa. Kwa kosa la High Court pekee ni siku 180 kabla kesi haijapelekwa rasmi kule. Kabla ya mabadiliko ya katiba ya 2005 zilikuwa siku 120 na 360. Hii haiji yenyewe, lazima mtu aiseme kortini, na akishahamishiwa rasmi High Court hiyo hesabu ya 180 imefungwa. Siku ya 175 loya awe tayari na karatasi zake.

Waliopewa loya wa serikali pia msiwaache. Loya wa steti brifu anapewa kesi nyingi za sesheni moja, yaani kipindi kimoja cha High Court kusikiliza kesi, na wengi wanakutana na mteja asubuhi ile ile ya kusikilizwa, kwenye ngazi za korti. Nendeni kwa ofisi ya msajili wa High Court mapema mkaulize sesheni inaanza lini na nani amepewa kesi ya mtu wenu, mpigieni, mpelekeeni ukurasa mmoja: mashahidi na simu zao, fomu 24, siku za rimandi, mahali mtu anasema alikuwa siku ya tukio na nani wa kuthibitisha. Ukurasa mmoja anausoma kwenye gari. Faili la kurasa arobaini hatalifungua.

Kuhusu kukiri kwa makubaliano na upande wa mashtaka, huo mpango ulianza majaribio 2014 na kanuni zake zikatoka 2016, unapunguza miaka kwa wale ambao kweli walifanya na wanataka kumaliza. Ninachoogopa ni mtu ambaye hakufanya anakubali miaka mitatu sababu ameshakaa miwili na anachoka kusubiri. Nimekaa na mtu kama huyo, ananiuliza mimi nimshauri. Sikuweza, na wewe pia usijaribu, mtafutie loya akae naye peke yake kabla hajasaini.

Watoto

Chini ya miaka 12 mtoto hashtakiwi kabisa kwa Uganda. Kuanzia 12 mpaka kabla ya 18 kesi kwa kawaida inaenda korti ya familia na watoto, na asilale seli moja na watu wazima. Polisi wakiandika 18 na nyinyi mnajua ana 15, kimbieni nyumbani mlete kadi ya kliniki ya chanjo, cheti cha ubatizo, barua ya shule, chochote. Siku hiyo hiyo. Umri ukishaandikwa vibaya kwenye hati ya mashtaka kuubadilisha ni vita.

Maloya wanatoka wapi

Wako, zaidi ya mnavyofikiria. Sheria inamtaka kila loya Uganda atoe saa 40 kwa mwaka kwa watu wasio na uwezo, au alipe pesa badala yake, na Uganda Law Society inasimamia mpango wa msaada wa kisheria tangu miaka ya 1990. Law Development Centre ina kliniki yake, na kwa kanuni za 2004 wanafunzi wake wanaruhusiwa kutetea watoto na watu wa makosa madogo wakiwa chini ya uangalizi. Justice Centres Uganda iko chini ya mahakama na ina ofisi sehemu kama Tororo na Lira. FIDA, shirika la maloya wanawake, wanasaidia wanawake. Kwa wakimbizi kuna Refugee Law Project ya Makerere, tangu 1999, na kama uko karibu na Nakivale au Kyangwali, ambako watu wengi wametoka Kongo na wanaongea Kiswahili, anzia hapo.

Msiende kuomba "loya atusaidie". Nendeni na kaunta buku. Mwambieni loya tuna watu kumi na moja, hawa wanne wanahitaji maombi ya dhamana tu, wadhamini wako tayari na kopi hizi hapa, tunaomba siku yako moja kwa mwezi. Loya wa kwanza tuliyemwendea hivo alikubali tukiwa bado tumesimama mlangoni.

Pesa

Ni kidogo kuliko mnavyodhani: nauli, kopi, simu, chakula cha shahidi anayeacha kibarua chake kuja korti. Sisi tunachanga elfu mbili kwa wiki kila mmoja, inawekwa mobile money kwa namba moja, na matumizi yanasomwa Jumapili kwa sauti. Hatupokei pesa kwa familia ya mshtakiwa, hata ya soda, na hatubebi pesa ya mtu kupelekea mtu yeyote ofisini. Mkivunja hilo mara moja mmekuwa kama yule wa nje ya kituo.

Watawaambia mnatetea wezi

Watasema, na wengine wana uchungu wa kweli, waliibiwa. Msibishane nao. Sisi tumejifunza kwenda pia kwa aliyeibiwa, kumpa pole, kumweleza kwamba kesi ikienda vizuri na yeye atajua ukweli. Kuna kesi ndogo za kupigana na kutukanana ambazo hakimu mwenyewe anaruhusiwa kisheria kuhimiza wapatane na walipane fidia, tumemaliza kadhaa hivyo, lakini mapatano yafanyike mbele ya korti yaandikwe, kamwe msimsukume mlalamikaji wala kumpelekea wajumbe usiku, hiyo ni kuharibu ushahidi na mtafungwa nyinyi. Kesi za ubakaji na za watoto kunajisiwa hizo hatugusi mapatano hata kidogo. Mshtakiwa wa hizo anapata loya wa serikali, tunafuatilia tarehe zake, basi.

Na mtu akishikwa kwa "kuzurura" tu, mjue Desemba 2022 korti ya katiba ilifuta vile vipengele vya sheria ya makosa vilivyokuwa vinatumika kuwashika watu ati wanazurura bila sababu. Vijana wengi wa hapa mpakani walikuwa wanabebwa kwa hiyo. Bado unaweza kuisikia ikitajwa usiku, iulizieni kwa utulivu ni kifungu gani cha sheria.

Akihukumiwa, na akitoka

Rufaa kutoka kwa hakimu kwenda High Court taarifa yake inapelekwa ndani ya siku 14. Mkirudi nyumbani kulia wiki mbili zimeisha. Angalieni pia kama siku za rimandi zimetolewa kwenye kifungo, kifungu cha 23(8) kinataka zihesabiwe, na Supreme Court mwaka 2017 kwenye kesi ya Rwabugande ilisema zitolewe kwa hesabu kamili. Wako watu wamepunguziwa miaka kwa hilo peke yake. Kwa makosa madogo loya aombe kazi ya jamii badala ya jela, sheria yake ipo tangu 2000. Na yeyote anayewaambia mfungwa hawezi kubadilisha kitu, mwelezeni Susan Kigula na wenzake 417 waliokuwa wamehukumiwa kifo, walipeleka kesi yao mpaka Supreme Court na Januari 2009 adhabu ya kifo ya lazima ikatangazwa kinyume cha katiba.

Siku ya kutoka mmoja wenu awe getini. Mtu anatoka jioni, hana nauli, hana simu, wengine hawana viatu. Sisi tunabeba ndala, elfu kumi ya boda, na ule ukurasa wake, sababu kesho yake asubuhi mnarudi naye kituoni kuchukua kitambulisho na simu vilivyobaki stoo, alafu mnapita kwa LC1 ili mwenyekiti amuone kwa macho na ajue amerudi kihalali, asije mtu akamshika tena njiani akisema ametoroka.